Miradi ya mwaka wa nne uhandisi: mwenye shida awepo tangu wiki ya kwanza

Mkuu mleta mada, umeuliza kozi ya mradi wa mwaka wa mwisho kwa wanafunzi wa uhandisi iboreshwe vipi, maana kila mwaka vifaa vinaishia stoo na ripoti zinajaza makabati. Mimi ni mhandisi wa mitambo, kazi yangu iko hapa Mwanza, napokea vijana wa PT (mafunzo kwa vitendo kazini) na nimeshakaa kwenye paneli za kutetea miradi. Nalisemea hili kwa uchungu kwa sababu vijana wenyewe wana uwezo. Kinachokosekana ni mtu mwenye shida kuwepo tangu mwanzo, na maksi kwenda kwa kile mwanafunzi alichokijaribu na kukipima.

Chukua mfano huu. Vijana wawili walipewa kichwa kutoka kwenye orodha ya idara: kikaushio cha dagaa kinachotumia jua. Shida ni ya kweli kabisa, mvua zikishika dagaa wanaoza mchangani. Wakaunda sanduku la mbao lenye kioo juu, kolekta (sehemu ya kunasa joto la jua) ya bati jeusi ya mita moja ya mraba, feni ndogo, na Arduino, yaani kompyuta ndogo ya saketi, ya kusoma joto. Kazi ya mikono ilikuwa safi sana. Tukakipeleka mwalo wa Igombe, hapa Mwanza, wanakoshushia samaki. Mama mmoja anayeanika pale akakizunguka, kisha akauliza: "Wanangu, kinaingia ndoo ngapi?" Kilikuwa kinaingia kilo tatu hivi. Yeye, samaki wakitoka vizuri, asubuhi moja anachukua ndoo kumi na zaidi. Halafu akapitisha kiganja kwenye wavu akawaonyesha kwamba matundu ni makubwa, dagaa akikauka atang'ang'ania, ukimbandua kichwa kinabaki. Dagaa waliokatika vichwa wanaenda kwa bei ya chakula cha kuku.

Hayo yote yangejulikana kabla hawajanunua ubao hata mmoja. Tufanye hesabu. Chukulia ndoo moja ni kilo 20 za dagaa wabichi, na maji ni asilimia 75. Kitu kikavu hapo ni kilo 5 tu. Ukitaka wabaki na unyevu wa asilimia 15, lazima utoe maji kilo 14 hivi. Kuvukiza kilo moja ya maji kunahitaji kama megajuli 2.4, kwa hiyo jumla ni megajuli 34, sawa na uniti 9 na ushee za umeme. Jua la siku nzuri linakupa kama uniti 5 kwa kila mita ya mraba, na kolekta ya kawaida ikinasa theluthi ya hizo, umefanya vizuri. Basi ndoo moja inadai karibu mita 6 za mraba. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaimaliza hesabu hii kwenye karatasi moja, na ikiisha anaanza kujiuliza maswali ya maana. Labda kinachotakiwa si sanduku kabisa, ni chanja iliyoinuliwa yenye nailoni ya kufunika haraka mvua ikija. Hapo ndipo ubunifu unapoanzia.

Kuna na jambo la kalenda, ambalo sijaona idara ikilifikiria. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi wanapumzika, kwa hiyo ukipanga majaribio kwa ratiba ya chuo tu, unaweza kufika mwaloni ukute nyavu zimeanikwa. Tena muhula wa kwanza unaangukia mvua za vuli, wakati vijana bado wanaandika pendekezo, na kifaa kinakamilika mwezi wa sita, kiangazi, wakati hata mchanga wenyewe unakausha vizuri kwa siku moja. Jaribio la mwezi wa sita halikuambii chochote kuhusu kikaushio cha mvua. Kifaa cha kwanza, hata kiwe kibovu cha mbao chakavu, kiwe tayari masika yanapoanza.

Ndiyo maana nasema kichwa cha mradi kitokane na PT ya mwaka wa tatu. Kijana ameshakaa kiwandani, karakana au mwaloni kwa wiki kadhaa, ameona kinachokwama. Arudi chuoni na karatasi moja yenye mambo manne: nani ana shida, anaitatua vipi sasa, inamgharimu nini, na kitu kipya kikifanya kazi atakijuaje. Msimamizi asipitishe mradi wowote usio na karatasi hiyo. Marekani, chuo cha Harvey Mudd kimekuwa kikiwapa wanafunzi kazi halisi za wateja wa nje tangu 1963, na kampuni zinalipia. Sisi hatuna haja ya kuanza na malipo. Mteja atoe muda wake tu, mara chache kwa muhula.

Maksi sasa. Ripoti na prezo (wasilisho mbele ya paneli) zisibebe uzito wote. Sehemu kubwa iende kwenye daftari la majaribio: ulitarajia nini, ulipata nini, ukabadilisha nini. Kifaa kilichoshindwa lakini kikapimwa vizuri kipate maksi nyingi kuliko kilichowaka taa mbele ya paneli kisha basi.

Na tafadhali idara ziache kukataa mradi kwa sababu "ulishafanywa". Wale vijana wawili wamemaliza, na mwaka uliofuata wenzao walizuiwa kuendelea na kikaushio kwa sababu hiyohiyo. Makosa ya wavu, ujazo na kolekta yalikuwa yameshajulikana, yakabaki hayajarekebishwa. Kundi la pili lingeanzia pale, pengine la tatu lingefika kwenye kitu cha kuuzika. Hata gharama zingepungua, maana leo kijana anatoa hela ya vifaa kwenye boom yake (hela ya mkopo ya kujikimu), na anajikuta ananunua cha bei rahisi zaidi badala ya kinachofaa.

Mwisho, siku ya kutetea, mwiteni mteja akae kwenye paneli na mlipieni nauli. Dakika kumi ziwe zake, aulize kwa Kiswahili na ajibiwe kwa Kiswahili, na maksi zake zihesabiwe. Idara yenu ikikubali kujaribu hata kwa vikundi viwili mwaka huu, nitumie ujumbe. Wanaoanika Igombe nawafahamu, nitawaunganisha.