Maswali ya wasomaji: risasi iliyobaki mwilini, na misimbo ya marudio

SWALI: Ni mtunza kumbukumbu za afya; kazi nilisomea Dar es Salaam, sasa naifanya Marekani. Kijana aliyepigwa bastola paja la kulia amerudi wiki ya tatu kubadilishiwa bendeji, na kipande cha risasi bado kimo. Niliandika Z48.00 na W34.00XA, faili likarudishwa. Nimekosea wapi? — J.M., Columbus, Ohio

JIBU: Ndugu J.M., Z48 ndiyo iliyorudisha faili. Katika ICD-10-CM, toleo la Marekani la orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na majeraha, jeraha linaloendelea kupona halipewi msimbo wa Z wa uangalizi baada ya tiba. Unarudia msimbo uleule wa jeraha na kubadilisha herufi ya saba. Huyu anapata S71.141D, yaani kidonda cha kutobolewa chenye kitu kigeni ndani, paja la kulia, marudio. Ongeza Z18.10 kwa kipande cha metali kilichobaki.

Wengi huteleza wakidhani herufi ya saba A ni "mara ya kwanza". A ni tiba yenyewe inayoendelea: akirudishwa chumba cha upasuaji siku ya nne kuondolewa nyama iliyokufa, bado ni A. D huja wakati wa kupona: bendeji, kutoa nyuzi, eksirei ya kuangalia maendeleo. S ni athari iliyobaki baada ya jeraha kupona. Neva ya siatiki, ile kubwa ya mguu, ikiwa imeumia na wayo wa kulia umelegea moja kwa moja, tatizo hutangulia (M21.371), kisha jeraha lililolizaa (S74.01XS). Mfupa wa paja uliovunjwa na risasi una herufi zake: huanza na B au C, si A, kwa kuwa ni mvunjiko wazi, yaani wenye jeraha lililopasua ngozi.

Kosa la W34.00 ni zito zaidi, kwa sababu msimbo huo unasema ajali. Mwongozo unaagiza kwamba nia isipoandikwa, msimbo uwe wa ajali. Y22 hadi Y24 hutumika pale tu mtoa tiba anapoandika kuwa nia haikuweza kubainika. Basi daktari akiandika "jeraha la risasi" na kuishia hapo, mtu aliyeshambuliwa anahesabiwa kuwa aliumia kwa bahati mbaya, na wanaopanga kinga ya mauaji mtaani kwake hawamwoni. Usikisie. Mwulize daktari kwa maandishi mambo matatu: aliyefyatua ni mgonjwa mwenyewe, mtu mwingine au polisi, alikusudia au la, silaha ilikuwa ya aina gani. Jina la mshambuliaji halihitajiki. Shambulio la bastola likithibitishwa, andika X93.XXXD. Misimbo ya mahali (Y92) na shughuli (Y93) huandikwa mara moja tu, ziara ya kwanza.

SWALI: Daktari ameiacha risasi ndani ya paja la mwanangu. Haitamdhuru? — Mama wa watoto wanne, Louisville, Kentucky

JIBU: Mama, pole sana. Risasi iliyotulia ndani ya nyama, mbali na kiungo, mara nyingi huzungukwa na kovu na huachwa, maana kuitafuta kwa kisu kunaweza kuumiza mishipa na neva. Hofu yetu ni ya mahali ilipo. Lugha yetu imeiita risasi na madini yake kwa neno moja, na madini hayo ni sumu. Ikiwa ndani ya goti, nyonga au diski ya uti wa mgongo, majimaji ya hapo huyeyusha madini yakaingia kwenye damu, pengine baada ya miaka. Mwulize daktari: "Iko ndani ya kiungo?" Ikiwa ndiyo, zungumzeni kuhusu kuitoa. Omba pia kipimo cha madini ya risasi kwa damu ya mshipani, kirudiwe baadaye, hasa akipata tumbo la kukata, choo kigumu, uchovu au upungufu wa damu.

Kabla ya MRI yoyote (picha ya mwili inayopigwa kwa sumaku) aseme ana risasi mwilini. Nyingine zina chuma kinachovutwa na sumaku.

Mrudisheni hospitali siku hiyohiyo mkiona homa, usaha, uvimbe unaodunda kama moyo (mshipa huenda umepasuka), wayo wa baridi au wenye ganzi, au shavu la mguu lililovimba ghafla. Akibanwa kifua au pumzi, piga 911, namba ya dharura. Ulizeni kama alichanjwa pepopunda. Na akikosa usingizi wiki kadhaa au akishtuka kwa kila kishindo, hilo nalo ni la kliniki.

SWALI: Sisi wa ICD-10 ya WHO (Shirika la Afya Duniani) tunaandika D wapi? — Mwanza

JIBU: Hapana D wala S kwenu. Athari iliyobaki ya neva ya mguu ni T93.4, na chanzo chake kikiwa shambulio, Y87.1. Nakala ya PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) ndani ya faili haitoshi kuthibitisha nia. Nia iandikwe na daktari kwenye maelezo yake.