Biti yangu imekakamaa: nizime kwantaizi kama J Dilla?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Natengeneza biti za hip hop kwa programu ya FL Studio, niko Mwanza. Marapa wanalalamika kwamba biti zangu zimekakamaa kama roboti. Nimesikia J Dilla, yule mtengeneza biti wa Marekani, hakutumia kwantaizi (ile inayovuta kila nota ikae sawasawa kwenye gridi), nami nikaizima na kupiga pedi kwa mkono. Ikawa fujo tupu. Nikageukia kitufe cha swingi, sisikii tofauti yoyote. Nakosea wapi? Halafu kuna rapa ananiambia mimi ni mpiga biti tu, si mtunzi wa wimbo. Ni kweli?

JIBU: Mdogo wangu, hiyo habari ya Dilla umepewa nusu. Ni kweli kuna mapigo aliyoyaacha kama mkono ulivyoyapiga, hasa ya kiki, ile ngoma nzito ya chini. Lakini huyu alikuwa fundi wa mashine. James Yancey, ndilo jina lake halisi, alikulia Conant Gardens, Detroit, na aliyemfungulia MPC60, mashine ya biti yenye pedi, kwa mara ya kwanza ni mwanamuziki wa mtaani kwao, Amp Fiddler. Huyohuyo ndiye aliyemkutanisha na rapa Q-Tip mwaka 1994, na kutoka hapo zikafuata kazi za The Pharcyde, Common na Erykah Badu. Baadaye alifanya kazi na MPC3000, na mashine yake leo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Kwenye MPC kulikuwa na sehemu ya kusogeza mapigo mbele au nyuma kwa vipimo vidogo sana. Aliitumia kwa makusudi.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo penye jibu lako. MPC hizo za zamani ziligawa pigo moja la robo katika tiki 96, yaani vipande 96 vilivyo sawa. Kwa mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, tiki moja ni kama milisekunde 7. FL Studio nayo, kama hujabadilisha mipangilio, inahesabu tiki 96 kwa robo, kwa hiyo uko kwenye rula ileile.

Swingi ya MPC inaanzia asilimia 50, yaani mdundo umenyooka, na kuishia 75. Inachukua nota mbili za kumi na sita (zile nne kwa kila pigo), jumla tiki 48, na kuichelewesha ile ya pili. Kwenye 50 nota hiyo iko tiki ya 24. Kwenye 58 inakwenda tiki ya 28. Kwenye 66 inafika ya 32, na hapo tayari unasikia mdundo wa tatutatu. Angalia basi: nota ya kwanza haiguswi kabisa. Kama hai-hati zako (matoazi) ni za nane tupu, yaani mbili kwa kila pigo, snea (ngoma kali) iko kwenye pigo la 2 na la 4, na kiki iko mwanzoni mwa baa, hakuna hata nota moja ambayo swingi inaweza kuisogeza. Ndiyo maana hukusikia kitu. Kitufe chako ni kizima. Weka kwanza kiki au hai-hati mbili tatu kwenye zile nota za kumi na sita za katikati, ndipo ukizungushe. (Usitafute asilimia za MPC kwenye kitufe cha FL, hakihesabu kwa namna ile. Tumia sikio.)

Lakini swingi peke yake haitakupa Dilla. Swingi inapinda kila kitu kwa kiasi kimoja. Yeye aliweka nyakati tofauti ndani ya baa moja: chombo kimoja kimenyooka, kingine kimepinda, kingine kimewahi. Jaribu hivi kwenye baa mbili za biti ya 90. Hai-hati ziache kwenye gridi. Snea iwahishe tiki 2 au 3, kama milisekunde 14 hadi 21. Kiki ya kwanza ibaki mahali pake, zile ndogo za katikati zipige kwa mkono. Besi iburute nyuma ya kiki kwa tiki 3 au 4. Kwenye FL utasogeza nota ndani ya piano roll huku umezima kushikana na gridi.

Kisha irudie baa hizo mbili bila kubadilisha chochote. Hili watu wengi hawalielewi. Kosa likitokea mara moja sikio linaliita kosa. Likirudi palepale kila baada ya baa mbili, kichwa kinaanza kutikisika nalo. Ndiyo maana siipendi ile amri ya kutawanya nota kibahatibahati ili biti ionekane ya kibinadamu. Kila baa inatoka tofauti, na kinachosikika ni ulevi. Msikilizaji wa pwani aliyezoea ngoma ya chakacha hahitaji kufundishwa mapigo mawili juu ya matatu, ila anahitaji zirudi mahali pale pale.

Kuhusu ile fujo ya pedi, kagua bafa ya sauti, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kuitoa. Ikiwa kwenye sampuli 1024, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, sauti inakufikia ikiwa imechelewa kama milisekunde 23, na mkono unaanza kuwahi ili kufidia. Ishushe hadi 256 wakati wa kurekodi, itabaki karibu milisekunde 6.

Jambo moja la Kiswahili chetu: mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho. Rapa akitua kina chake kwenye pigo la 4, silabi yenye mkazo ndiyo inayokutana na snea, na ile ya mwisho inamwagika baada yake. Snea ikiwahi sana, rapa anasikika kama kachelewa. Kwa hiyo rekodi vesi ya majaribio kabla ya kuamua tiki ngapi.

Na huyo rapa wako amekosea. Wimbo ni maneno pamoja na muziki. Aliyebuni muziki ni mtunzi. Kwenye “The Light” ya Common, ya mwaka 2000, Yancey ameandikwa kama mtunzi pamoja na Common, na Bobby Caldwell naye yumo kwa sababu sampuli, yaani kipande kilichokatwa, imetoka kwenye wimbo wake. Kwa hiyo ukikata sampuli ya mtu, fungu la utunzi linamegwa pia. Mgawanyo wenu uandikeni kwa asilimia, msaini wote wawili, siku hiyohiyo anaporekodi, kabla wimbo haujapandishwa popote.