Disketi haikuuawa na flashi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni kifaa gani cha kompyuta kilichotoweka ambacho tunadhani hakikutendewa haki, na nini hasa kilikiua. Jibu langu ni disketi, au flopi kama wengi walivyoizoea, kile kisahani chembamba cha sumaku cha kuhifadhia mafaili. Husemwa kwamba iliuawa na flashi. Mimi nasema flashi ilifika wakati wa mazishi, maana disketi ilikuwa imedumaa tangu 1987.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Mwaka 1971 IBM walitoa disketi ya inchi 8, yenye uwezo wa takriban kilobaiti 80, ili kupakia maelekezo ya ndani katika kompyuta zao kubwa za System/370. Mwaka 1976 Shugart Associates wakatoa ya inchi 5.25, ikaingia kwenye kompyuta za mezani. Mwaka 1981 Sony wakaleta ya inchi 3.5 yenye ganda gumu.

Hiyo ya Sony naipenda mpaka leo. Sukuma kile kibati kwa kidole uone utando wa kahawia unaohifadhi mafaili, kisha achia, springi inakirudisha chenyewe. Ndani ya ganda kuna kitambaa laini juu na chini, kinachofuta vumbi utando unapozunguka mara 300 kwa dakika. Kwenye kona kuna kitufe cha kusogeza: ukiacha tundu wazi, kompyuta haiwezi kufuta wala kuandika chochote. Ni flashi ngapi za leo zenye kinga hiyo?

Uwezo wake ni hesabu rahisi. Nyuso 2, kila uso njia 80, kila njia vipande 18, kila kipande baiti 512: jumla baiti 1,474,560. Ndiyo ile “megabaiti 1.44”, namba iliyopatikana kwa kuchanganya 1,000 na 1,024: baiti hizo ukizigawa kwa 1,024, kisha kwa 1,000, unapata 1.44. IBM walipoiweka kwenye kompyuta za PS/2 mwaka 1987, ilitosha kabisa. Ubaya ni kwamba ilikwama hapo hapo huku mafaili yakinenepa. Windows 95 ya disketi ilikuja na disketi 13, na moja tu ikigoma katikati, kazi yote imekwenda na maji.

Warithi hawakukosekana. Kulikuwa na disketi ya megabaiti 2.88, kulikuwa na Zip ya kampuni ya Iomega ya megabaiti 100, na LS-120, ya megabaiti 120, ambayo mashine yake hata ilisoma disketi za zamani. Lakini ukimpa mtu disketi ya 1.44 ulikuwa na hakika ataifungua. Ukimpa Zip, ilibidi kwanza umuulize kama ana mashine yake. Kila mwamba ngoma akavutia kwake, hakuna aliyekubali kumfuata mwenzake, na 1.44 ikabaki kiti cha mbele kwa kuwa tu kila mtu alikuwa nayo. Kwangu mimi, hicho ndicho kilichoiua. Sidii ya megabaiti 650 ikabeba programu, barua pepe ikabeba nyaraka, na mwaka 1998 Apple wakatoa iMac isiyo na tundu la disketi kabisa. Flashi zilianza kuuzwa mwaka 2000.

Hata hivyo ilikufa polepole. Sony waliacha kuiuza Japani mwaka 2011, na serikali ya nchi hiyo ikafuta kanuni zilizotaka nyaraka ziwasilishwe kwa disketi mwaka 2024 tu.

Kwa wasomaji ambao bado wana disketi kabatini, nawasihi wasingoje. Alama za sumaku hufifia, na kichwa cha kusomea hugusa utando wenyewe, hivyo uchafu au ukungu kidogo unatosha kuukwaruza. Visomaji vya USB vipo, ingawa hivyo vya kawaida husoma za inchi 3.5 peke yake; za inchi 5.25 zinahitaji mashine ya zamani au mtaalamu. Kabla ya kuichomeka ya inchi 3.5, sogeza kile kitufe tundu libaki wazi, ndipo unakili kila kitu.