Kupima gesi inayokimbia kutoka kwenye nyota changa kubwa

Nyota changa yenye masi inayozidi mara 8 ya Jua husukuma nje gesi nyingi ya molekuli huku bado ikijilisha kwenye wingu lililoizaa. Hidrojeni ya molekuli ikiwa baridi haitoi mawimbi ya redio ya kutufaa, hivyo tunaifuatilia kwa kaboni monoksidi (CO), hasa mstari wake wa spektra (mng'ao kwenye masafa maalumu) wa gigahezi 230.538.

Amua kwanza gesi inayokimbia inaanzia kasi gani. Hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Katikati ya mstari ni wingu lililotulia. Gesi inayokimbia, yaani mkondo, huonekana kwenye mabawa mawili, yaani kingo za mstari: bluu (gesi inayotujia) na nyekundu (inayotuacha). Usikate mabawa kwa kukisia. Pima kasi na upana wa wingu kwa C¹⁸O, aina adimu ya CO yenye oksijeni 18 (gigahezi 219.560), kisha anza kuhesabu pale C¹⁸O inapomezwa na kelele. Gesi nyingi iko kwenye kasi ndogo, kwa hiyo kusogeza mpaka huo kwa kilomita 1 tu kwa sekunde hubadilisha masi sana. Jaribu mipaka miwili na utoe majibu yote mawili.

Kisha linganisha CO na ¹³CO (CO yenye kaboni 13, iliyo adimu), chaneli kwa chaneli, yaani kasi kwa kasi. Jirani na Jua, kaboni 12 ni takriban mara 65 ya kaboni 13. Ukiona mng'ao wa CO ni mara 10 tu ya ule wa ¹³CO, gesi ya mbele inaficha ya nyuma, na masi uliyoipata izidishwe kwa karibu 7. Ukipuuza hili, hakuna darubini itakayokuokoa.

Hakikisha pia sehemu ya anga unayoitumia kama rejeo haina CO. Kwenye ubapa wa Njia ya Maziwa mara nyingi inayo, nayo huchimba shimo la uongo kwenye spektra. Ukitumia ALMA, mtandao wa darubini za redio ulioko Chile, ongeza antena za mita 7 na data za antena mojamoja. Duara hasi kando ya gesi angavu ni dalili kwamba mng'ao mpana umepotea.

Mwinamo wa mkondo, yaani pembe yake na mstari wa kututazama, haujulikani kwa kawaida. Kwa wastani wa nyuzi 57.3, kasi huzidishwa kwa 1.85, nishati kwa 3.4, na umri wa mkondo kwa 0.64.

Mwisho, nyota hizi huzaliwa kwenye makundi. Kwa umbali wa parseki 3,000, sekunde 11 za tao (sekunde moja ni 1/3600 ya nyuzi) hufunika vizio vya kiastronomia 33,000 (kimoja ni umbali wa Dunia hadi Jua), eneo linalotosha mikondo kadhaa. Tafuta silikoni monoksidi, SiO (gigahezi 217.105), inayong'aa penye mishtuko, yaani gesi ya kasi inapogonga nyingine, utenganishe kila mkondo kabla ya kuupa nyota yake.