Usilipie roli 2 kabla hujahesabu vipande

Mkuu, simamisha kwanza hayo malipo ya roli 2 za karatasi ya ukutani. Ukuta wa nyuma ya kitanda una upana wa mita 3.2 na kimo cha mita 2.4, karatasi ina maua makubwa yanayojirudia kila sentimita 64, halafu muuzaji anakwambia roli 2 zinatosha na chenji inabaki? Hazitoshi. Amekupigia hesabu ileile niliyopigiwa mimi, na najua inakoishia.

Alichofanya ni kuzidisha 3.2 kwa 2.4 akapata mita za mraba 7.68. Roli ya kawaida ina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10.05, yaani mita za mraba 5.3 hivi, kwa hiyo akaona 2 ni nyingi. Hesabu hiyo ni ya rangi ya ndoo. Karatasi hushuka kipande kwa kipande kutoka juu hadi chini, na ua la kipande hiki lazima likutane na nusu yake kwenye kipande cha jirani.

Hesabu vipande! Sentimita 320 gawanya kwa 53 unapata 6 na kachembe, basi ni vipande 7. Kila kimoja kinataka 2.40, ongeza sentimita 5 za kupunguza juu na 5 chini, inakuwa 2.50. Karatasi isiyo na maua ingekupa vipande 4 kwa roli. Yako, ili maua yakutane, kila kipande kinakula marudio 4 kamili ya sentimita 64, yaani 2.56. Ukikata vitatu umemaliza 7.68, na kwenye roli imebaki 2.37. Ukuta wako ni 2.40! Sentimita 3 tu zinakunyima kipande kizima, na roli ya pili hivyohivyo. Una vipande 6, unahitaji 7. Nunua roli 3, na uzinunue kwa mkupuo mmoja.

Usijiambie kwamba ikipungua utarudi dukani. Mimi nilirudi. Nikapewa jina lilelile, maua yaleyale, ila namba ya bechi kwenye lebo ilikuwa nyingine. Kila wanapochapa upya wino huchanganywa upya, na rangi inasogea kidogo. Ukizishika mkononi huoni kitu. Ukutani, mwanga wa dirisha ulipopiga kwa ubavu, maungio yalionekana tangu mlangoni: huku krimu, kule krimu yenye ukijani. Muuzaji akanihakikishia kwamba gundi ikikauka zitafanana. Ikakauka, hazikufanana. Tukabandua ukuta mzima na kununua roli 3 mpya za bechi moja. Mpaka leo linanikera, kwa sababu urefu wa marudio ulikuwa umechapwa kwenye lebo aliyokuwa ameishika siku ya kwanza. Mtu anauza karatasi za maua kila siku na hasomi lebo!

Kwa hiyo isome wewe. Tafuta mishale. Miwili ikitazamana sawasawa, maua yanakutana kwa usawa mmoja. Ikiwa imepishana, utaona namba mbili, mfano 64/32: kipande cha pili kinasogea sentimita 32, na hapo afadhali ukate vipande vya kwanza, tatu na tano kwenye roli moja, na vya pili na nne kwenye nyingine, usipoteze karatasi. Mshale wenye sifuri maana yake hakuna cha kulinganisha. Kisha linganisha namba za bechi za roli zote ukiwa bado dukani, na uulize kama isiyofunguliwa inarudishika.

Jambo jingine, usianzie konani. Ukianzia kona, vipande 6 vinafika mita 3.18 na unabaki na utepe wa sentimita 2 upande wa pili, ambao utakutesa. Piga timazi (uzi wenye uzito wa kupata mstari wima) katikati ya ukuta, kipande cha kwanza kikae na kitovu chake juu ya mstari huo. Vinafuata viwili vizima kila upande, na pembeni unabaki na sentimita 27.5 kulia na kushoto. Bado ni vipande 7, na ua kubwa linakaa juu ya kitanda.

Piga picha ya lebo uiweke hapa, mishale na namba ya bechi vionekane, tukuhesabie vipande kabla hujatoa pesa.