Insha yangu ya kwanza juu ya hukumu ya Yesu

Ninyi mnaoanza mwaka wa kwanza wa theolojia, kesi ya Yesu mbele ya Baraza, yaani mahakama kuu ya Wayahudi, itawasumbua mapema. Mimi ilinisumbua. Kwenye insha yangu nilizipika Injili zote nne katika sufuria moja: Anasi, Kayafa, jogoo, Pilato akinawa mikono. Mwalimu aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hii ni Injili ya nani?"

Tangu siku hiyo napiga mistari karatasini, kila Injili safu yake. Utaona mambo. Marko na Mathayo wanamhoji usiku, nyumbani kwa kuhani mkuu. Luka anasubiri kupambazuke. Yohana anampeleka kwanza kwa Anasi, mkwewe Kayafa, na hukumu ya Baraza usiku ule haisimulii kabisa.

Halafu fuata mashtaka, maana hapo ndipo penye utamu. Kumbukumbu la Torati 17:6 inataka mashahidi wawili au watatu kabla mtu hajauawa. Marko anasema ushahidi wao haukupatana. Kesi imekwama, ndipo kuhani mkuu anamuuliza mshtakiwa mwenyewe kama ndiye Kristo. Jibu linaunganisha Danieli 7 (Mwana wa Adamu akija na mawingu) na Zaburi 110 (kuketi mkono wa kuume wa Mungu), kuhani anararua mavazi, na Baraza linasema, "Imempasa kuuawa." Kosa ni kufuru.

Sasa, Mambo ya Walawi 24:16 inasema mwenye kulikufuru jina la Bwana apigwe mawe. Mbona basi msalaba? Kwa sababu kwa Pilato mashtaka yamebadilika. Soma Luka 23:2 polepole: anapotosha taifa, anazuia kodi ya Kaisari, anajiita mfalme. Liwali wa Kirumi kufuru ingemhusu nini? Mfalme asiyewekwa na Kaisari, huyo ni mwasi. Ndiyo maana kibao cha msalabani kinataja ufalme, wala hakigusi kufuru.

Mtakutana pia na wahubiri wanaohesabu sheria za Kiyahudi zilizovunjwa usiku ule. Nendeni taratibu. Nyingi zinatoka Mishna, mkusanyo wa mapokeo ya sheria za marabi, iliyokusanywa karibu mwaka 200, zaidi ya miaka 150 baadaye.

Na msiandike "Wayahudi walimuua" kirahisi hivyo. Nami niliandika, alama zikakatwa, kwa haki. Marko anasema wote walimhukumu. Luka anamtaja Yusufu wa Arimathaya, mtu wa Baraza lilelile, ambaye hakukubali shauri lao. Huyo naye atafutieni nafasi kwenye safu zenu.