Kasuku alimng'ata mwanangu siku ya kwanza na kosa lilikuwa langu

Juzi nimepata meseji ya mama mmoja anauliza afanyeje, kasuku wao ana wiki mbili nyumbani na mtoto akisogea tu anatoa mdomo. Nikacheka, halafu nikanyamaza maana hiyo ni stori yangu kabisa.

Sisi Chiku (kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu) aliingia nyumbani jioni, na mimi na kiherehere changu nikafungua tundu hapo hapo, nikamshika mwanangu mkono nikauingiza ndani. Ana miaka 8. Nilitaka picha, nakiri. Ndege alishatoa onyo zote, manyoya ya shingo yamesimama, mboni za macho zinabana na kutanuka, kajibanza kwenye kona, mimi nikaona ana furaha. Akamng'ata kidole mpaka damu. Mtoto analia, mimi napiga kelele "toa mkono! toa mkono!" utadhani si mimi niliyeuingiza, picha yenyewe haikutoka.

Kilichoniuma zaidi ni ndugu yangu mmoja kuniambia mbele za watu nimrudishe huyo ndege, eti mtoto tu amenishinda. Sijasahau, na anajijua.

Basi tukaanza upya. Nikamwambia mwanangu usimguse, we kaa tu. Akawa anakaa pembeni ya tundu na kitabu chake anasoma kwa sauti, hata hamtazami sana. Huko porini adui wa kasuku anatokea juu, mwewe na jamaa zake, sasa mkono unaoshuka ghafla we unadhani yeye anaona nini? Siku ya nne hivi Chiku akajisogeza upande wa mtoto. Wiki ya pili akapokea mbegu ya alizeti kupitia kwenye waya. Hizo mbegu tulishazitoa kwenye bakuli lake, zina mafuta mengi, halafu akizipata bure hana sababu ya kukufuata. (Parachichi na chokoleti msithubutu, kwao ni sumu.) Wiki zilizofuata sina la kusimulia, ni kukaa na kukaa. Jumapili iliyopita, wiki ya saba, kapanda mkononi kwa mtoto mwenyewe, hakuna aliyemwita. Nilitoka nje nikalia na sioni aibu.

Kwa hiyo dada yangu, usilazimishe. Mwache mtoto akae, anawe mikono akimaliza, na usiku mzimieni taa mapema, kasuku anataka usingizi masaa 10 mpaka 12, mkikesha na TV sebuleni msishangae akiamka na hasira. Aking'ata msipige kelele, wengine wanaona ni mchezo watarudia. Na usilazimishe, najua nimeshasema. Sisi wazazi tuna haraka sana, tunataka mtoto apendwe leo leo ili tuwaonyeshe watu, wakati huyu ndege anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, mwanao atazeeka naye, wiki saba ni kitu gani?

Mimi bado hanitaki. Nikisogea ananipa mgongo. Na juzi katamka maneno yake ya kwanza, mtoto kapeleka mkono kwenye sahani yangu, sauti ikatoka tundu kule, sauti yangu kabisa: "Toa mkono!"